Maji ya Paa la Baba

Bibi wa jirani ndiye aliyempa Chiriku jina hilo, maana binti huyo akianza kuongea, hata redio inasubiri zamu. Akitoka shule alikuwa anamsaidia baba yake, fundi bati, na mvua ikikatika anafagia maji yaliyotuama uani. Msimu huu hayakutuama. Baba alifunga mfereji mpya kwenye paa, akaelekeza mdomo wake nyuma, uchochoroni. Ua ukawa mkavu kama meza.

Siku moja jirani yao, mshona nguo, akaja na uso umekunjamana.

"Kaka fundi, nitazamie paa langu. Chumba cha mama kinalowa kama sifongo. Anakohoa mpaka nashindwa kulala."

"Mabati yako yamekula chumvi, dada. Nakuja sasa hivi."

Baba akapanda na nyundo. Chiriku akatumwa ndani kutafuta matundu: akiona mwanga unapenya, agonge bati kwa fimbo ili baba ajue pa kuziba.

Bibi alikuwa kitandani, blanketi mpaka shingoni. "Umekuja kunihesabia mbavu?"

"Nahesabu matundu, bibi."

Akatazama juu, shingo ikamuuma. Giza tupu, hata tundu la sindano hakuna. Akashika ukuta: juu mkavu, chini umelowa chepechepe. Bonge la udongo likamomonyoka, likaanguka sakafuni karibu na kichwa cha kitanda cha bibi.

Chiriku akatoka mbio mpaka uchochoroni. Mdomo wa mfereji wao ulikuwa umechimba shimo mguuni kwa ukuta wa chumba cha bibi, na tofali za chini zimeanza kuliwa. Akamwita baba. Baba akashuka, akaangalia.

"Usimwambie mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Nitageuza mfereji kimyakimya."

"Na ukuta, baba?"

"Ukuta ni wa kwake."

Mshona nguo akatokea. "Vipi, mmeona tundu?"

"Yapo mawili matatu," baba akajibu.

Ndani, bibi akashikwa na kikohozi, kile cha kukaba mtu pumzi. Chiriku akaona midomo inamwasha. Ukuta ukianguka, utamwangukia bibi.

"Shangazi, hakuna tundu. Maji yanatoka kwetu."

Baba akamkata jicho. "Mvua sileti mimi. Nyumba yangu, paa langu."

"Paa lako, lakini ukuta wangu," mshona nguo akasema. "Twende tukamwite mwenyekiti wa mtaa."

Mwenyekiti alikuja na viatu vya mpira. Akachungulia shimo, akatazama mfereji juu, hakuhitaji kuambiwa.

"Fundi, mvua ikianguka yenyewe haina mwenyewe. Ukishaikinga na kuielekeza, ni yako, na hasara yake ni yako. Sheria haimruhusu mwenye nyumba kumwagia jirani maji ya paa lake. Geuza mfereji, na ukuta uutengeneze. Ukibisha, mahakama itakwambia hayohayo, ila baada ya kukuchosha."

Baba akaingia chumbani kwa bibi kutazama.

"Karibu, fundi," bibi akasema. "Kaa, ila usiegemee ukuta."

Baba akaweka nyundo chini. Kisha akambeba bibi mgongoni, akampeleka nyumbani kwake mwenyewe, akamlaza chumba cha mbele penye jua. Alasiri ile akachimba shimo uani mwake, akalijaza kokoto, akageuzia mfereji humo, maji yazame ardhini. Kesho yake akaanza kubomoa tofali zilizooza na kupanga mpya, Chiriku akikanda udongo kwa miguu. Safari hii chiriku hakulia.

"Mbona umefunga mdomo?" baba akauliza.

"Nilikuaibisha jana. Nisamehe, baba."

"Nikusamehe kosa gani? Aliyekosa ni mtu mzima aliyetaka mtoto amfichie." Akapokea udongo, akaupaka, akaulainisha kwa mwiko. "Sikia, mwanangu. Kiwanja kina mpaka, wajibu hauna. Kinachotoka kwenye nyumba yako, maji, moshi au taka, kikimdhuru jirani utaulizwa wewe. Na usingoje kuulizwa. Ukijua, sema, kisha tengeneza."

Chumba cha mbele, bibi alikuwa anamwita mshona nguo amletee blanketi lake. Alikuwa amepapenda, na kikohozi hakikusikika.