Mstari wa Sabuni na Unga

Kompyuta ya Hyasinta Kapinga iliibiwa saa nne na nusu asubuhi, wakati wa chai, katika semina ya watu thelathini ambao hakuna hata mmoja aliyeona kitu.

Inspekta Melkiori alifika saa tano na dakika kumi, akitweta. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tano, Mtaa wa Sikukuu, juu ya maduka ya vitenge vya jumla, na lifti ilikuwa imebandikwa karatasi: MBOVU. Karatasi yenyewe ilikuwa imeshapauka. Nyuma yake Sajenti Fortunata alipanda ngazi zote bila kuhema, jambo lililozidi kumkera.

Bango la mlangoni lilisema: Semina ya Wahandisi wa Programu, Lugha ya Python. Melkiori alijua Kiswahili, Kingoni cha kwao na Kiingereza cha mahakamani. Hii hakuijua, na hakuwa na hamu ya kuijua.

"Mwenye mali nani?"

"Mimi, afande." Hyasinta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Ndiye aliyekuwa mkufunzi.

"Ilikuwa wapi?"

"Hapo mezani, mbele."

"Rangi?"

"Kijivu."

Melkiori akageuka kuutazama ukumbi. Watu thelathini, kompyuta thelathini, karibu zote za kijivu. Akafumba macho kidogo, akayafumbua. Zilikuwa bado pale.

"Una nakala ya vilivyomo?"

"Ya wiki tatu zilizopita."

"Na wewe ndiye unawafundisha wenzako?"

Hyasinta alieleza kwamba ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu ya kupanga mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo kwenye malori ya mikoani. Saa nane mchana wenye malori wangekuja kuiona. Wasipoiona leo, kesho wangechukua ya kampuni nyingine.

"Ni miaka miwili ya maisha yangu, afande. Saa nane ikinikuta mikono mitupu, basi tena."

Mlinzi wa ngazi, Mzee Isidori, alihojiwa na Fortunata.

"Shikamoo mzee. Nani ameshuka tangu saa nne?"

"Marahaba, mwanangu. Hajashuka mtu. Mlango ni huu mmoja, na mimi sijaondoka hapa."

Kwa hiyo kompyuta ilikuwa humo humo. Mabegi yakapekuliwa. Namba ya utambulisho ya kila kompyuta ikasomwa kwa sauti, tarakimu moja moja, na kulinganishwa na risiti. Kazi hiyo ilikula muda wa kutosha kumkosesha mtu chakula cha mchana, na haikuzaa kitu.

Mahojiano ndiyo yalimmaliza kabisa. Alianza na Allen, mshiriki wa safu ya mbele.

"Saa nne na nusu ulikuwa wapi?"

"Inategemea, afande. Kwa saa ya simu yangu chai ilianza nne na dakika ishirini na nane. Kwa saa ya ukutani..."

"Ulikuwa wapi?"

"Kibarazani. Nakunywa chai."

"Nani alirudi ukumbini?"

"Nilikuwa naangalia simu."

Wote walikuwa kibarazani. Wote walikuwa wanaangalia simu. Msichana mmoja aliyeitwa Sitara alijitolea kumchorea mchoro wa nani alisimama wapi, mishale na visanduku, na Melkiori alimkatalia kabla hajafungua kalamu.

Kisha Jovin Haule, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye asubuhi alijitolea kugawa fulana za semina.

"Kazi yako?"

"Naandika programu."

"Saa ya chai?"

"Kibarazani, kama wenzangu."

"Ulikula nini?"

"Vitumbua."

"Vingapi?"

"Viwili."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu, afande."

"Bila shaka," Melkiori alisema. "Ningeshangaa."

Fortunata alikuwa amesimama mbele ya ubao, simu ya Sitara mkononi.

"Afande..."

"Subiri."

"Afande, huu ubao..."

"Fortunata, nimesema subiri!"

Akasubiri. Alikuwa amezoea. Mwezi uliopita, kwenye wizi wa viatu vya mtumba Mchikichini, ni yeye aliyeviona vikiuzwa meza ya tatu kutoka pale vilipoibiwa. Ripoti iliandikwa "nilibaini", na barua ya pongezi ikaja na jina moja tu, la Melkiori. Fortunata alimpongeza pamoja na wengine, akanywa na soda.

Saa sita na nusu Melkiori aliketi, akavua kofia. "Haya. Sema."

"Hawa watu hupiga picha kila kinachoandikwa ubaoni. Sitara aliupiga picha ubao huu walipokuwa wanatoka kwenda chai. Tazama. Kuna mistari minne."

Mistari hiyo ilikuwa masharti ya programu, yameandikwa kwa Kiswahili cha kawaida ili washiriki wayageuze kuwa Python baada ya chai. Mzigo mzito ukae chini. Wa kushushwa karibu upakiwe mwisho. Mambo ya aina hiyo.

"Sasa tazama ubao."

Mistari ilikuwa mitano. Wa tano ulisema: SABUNI ISIPAKIWE PAMOJA NA UNGA.

"Kuna nini hapo?" Melkiori aliuliza.

"Baba yangu ana duka la jumla hapo Narung'ombe. Unga ukisafiri na sabuni mpaka Songea, ugali wake unanuka sabuni. Hakuna anayeununua, unarudishwa wote. Mpakiaji yeyote hapo chini anajua. Humu nimeuliza watano, hakuna anayejua. Hyasinta mwenyewe anasema ni utani wa mtu."

Melkiori akaacha kujipepea kwa kofia.

"Kwa hiyo aliyeandika alikuwa peke yake humu wakati wa chai," Fortunata aliendelea. "Anaijua programu. Na amewahi kusimama na wapakiaji."

"Yaani mwizi anaiba, halafu anasimama kusahihisha ubao? Mwizi gani huyo?"

"Afande, tangu asubuhi hujawaona hawa? Kosa likiwa mbele yao hawawezi kukaa." Akampa kifutio. "Futa huo mstari. Taratibu. Mimi nitaangalia nyuso."

Kwa kawaida Melkiori hakupangiwa kazi na sajenti. Lakini alikuwa amechoka, na njaa ilikuwa imemwondolea ubishi. Akainuka.

"Sikilizeni! Mkufunzi anasema mstari wa mwisho ni upuuzi. Naufuta niandike majina yenu."

Kifutio kikapita juu ya SABUNI. Kikapita juu ya ISIPAKIWE.

"Usifute!"

Jovin alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kimeanguka nyuma.

"Huo mstari usiuguse," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mzigo wa watu utaharibika."

Fortunata akasogea, akasimama kati ya Jovin na mlango.

"Uliuandika wewe?" Melkiori aliuliza.

"Ndiyo."

"Wakati wa chai."

"Ndiyo."

"Kompyuta iko wapi?"

"Kwenye boksi la fulana. Chini kabisa."

Boksi lilikuwa chini ya meza ya mapokezi. Melkiori na Fortunata walikuwa wamelisogeza mara mbili kupata nafasi ya kupekulia mabegi. Fortunata aliitoa kompyuta, akasoma namba, ikawa ndiyo. Melkiori aliona uso unamwaka moto.

"Kwa nini?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe!"

Jovin alimtazama Hyasinta kwa mara ya kwanza. "Hiyo programu tumeiandika wawili. Miezi minane nilikuwa hapo chini, alfajiri kwa alfajiri, nawauliza wapakiaji kila kitu mpaka wakaanza kunipa na mimi magunia nibebe. Tukiandika, kila mstari unabaki na jina la aliyeuandika. Mwaka huu akaihamishia mahali papya mtandaoni, majina yote yakabaki kule kwa zamani. Nikamuuliza. Akaniambia, utatajwa kwenye semina. Nikalipa kiingilio nije nisikie."

"Ukasikia nini?"

"Mimi, mimi, mimi. 'Mimi nilikaa na wapakiaji.' Hata lango la kupakilia halijui."

"Ndiyo ukaiba."

"Niliichukua ili saa nane ipite. Nilitaka na yeye asimame mbele ya watu bila kitu. Jioni ningeirudisha."

"Wote husema hivyo. Na ubao je? Ungenyamaza tusingekupata."

Jovin akauelekezea ubao kidole. "Sharti la sabuni nililiweka mimi. Yeye amelitoa, kaona halina maana. Nilitaka kumkomoa Hyasinta, afande. Wenye unga hawajanikosea."

Melkiori akamgeukia Hyasinta. "Ni kweli?"

"Nilikuwa namtaja mwishoni," Hyasinta alisema.

"Nimekuuliza kama ni kweli."

"Ni kweli." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilijua wakisikia tuko wawili watamtaka yeye. Anaongea nao kama ndugu yao. Mimi wananiita madamu."

Melkiori alitamani kuwafunga pingu wote wawili, na Allen juu yake. Lakini wizi ni wizi. Jovin akatoa mikono mwenyewe, na maelezo yake yakaandikwa pale pale mezani, kurasa mbili, akasaini.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano wenye malori walipoingia, wakitweta, wakiilaani lifti. Mkubwa wao, Ansbert, mzee mwenye kitambi na tochi kiunoni, alisimama mbele ya ubao. Hyasinta alikuwa ameuandika upya mstari wa tano kwa mkono wake.

"Huu wa sabuni," Ansbert alisema, akiugusa. "Wengine wote waliokuja kwetu na programu zao hawakuwa nao. Huyu anaijua kazi. Ni nani?"

Hyasinta alishika ukingo wa meza. Kompyuta ilikuwa mbele yake, inawaka. Angeweza kusema neno moja tu, na siku yake ingekuwa imepona.

"Ni yule," alisema. "Jovin Haule. Yule mwenye pingu."

Jovin alikuwa ameshafika mlangoni. Hakugeuka, ila mabega yake yalishuka, na Fortunata alimwacha asimame kidogo kabla ya kumshusha ngazi.

Kituoni, Melkiori aliketi kuandika ripoti. Alikula mihogo ya kukaanga kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia. "Baada ya kuukagua ubao," aliandika, "nilibaini kwamba..."

Akasimamisha kalamu. Meza ya pili Fortunata alikuwa anapanga vielelezo, hajainua kichwa, anasubiri kupewa karatasi akapige chapa kama kawaida.

"Shenzi," Melkiori alisema, bila kumlenga mtu.

Akalikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: "Sajenti Fortunata alibaini." Kisha akafungua droo, akatoa jalada la viatu vya Mchikichini, akaanza kulisahihisha na lile.