Majibu Matamu ya Melania

Jamani ndugu zangu wa mwambao, kaeni niwasimulie yaliyompata Melania, kisha mniambie kama nyumbani kwenu hakuna Melania mwingine.

Siku za mbalamwezi, Kibirizi yote, mtaa wetu wa wavuvi, huwa kama imelala macho wazi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaingii ziwani. Mitumbwi hupumzika mchangani na maji hujipigapiga taratibu. Melania naye hujinyoosha kwenye mkeka kando ya vichanja vyake vya kuanikia dagaa, akiitazama milima ya Kongo ikitokea na kupotea ukunguni, asijue kama anaiona au anaiota. Vichanja hivyo ndivyo vilivyomlea na kumsomesha binti yake, Rozalia, tangu baba mtu alipofariki. Hakuwa na kingine.

Asubuhi moja ya namna hiyo akatokea Yasmini, mwanafunzi wa chuo kikuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Umekula?"

Hapo ndipo pa kumjulia Melania. Mgeni kwake haondoki na tumbo tupu, wala haondoki na neno chungu. Akasonga ugali wa muhogo, akaunga samaki aina ya migebuka kwa mawese, wakala. Baadaye Yasmini akaeleza kuwa anafanya utafiti: wakazi wanashirikishwa vipi katika mipango ya mji wao? Akawasha simu irekodi.

"Mama, huwa unakwenda kwenye mikutano ya mtaa?"

Wapi! Melania hakuwahi kukanyaga. Siku za giza yuko kwenye dagaa, siku za mbalamwezi yuko kwenye mkeka. Lakini amwambie hivyo binti wa watu aliyetoka mbali kote huko? Aliona aibu.

"Naenda sana."

"Na mpango wa kugeuza ufukwe huu kuwa bustani ya kupumzikia, mlielezwa?"

Ndiyo kwanza anausikia. Hata hivyo akajibu, "Tulielezwa vizuri, mwanangu. Hatuna neno."

Mgeni alipoondoka, jirani yake Clementina, aliyekuwa akisikia yote, akamjia juu. "We Melania! Bustani gani hiyo uliyoelezwa?"

"Niache na wewe. Ulitaka mgeni aondoke amenuna?"

Msimcheke peke yake. Kila nyumba aliyopita Yasmini ilimpa chakula, na kila nyumba ikampa jibu tamu. Akarudi chuoni ameshiba uongo, tena uongo wa mapenzi, na asijue.

Siku ya kuamua juu ya bustani ikafika. Mtaa mzima uliitwa, na Yasmini akaalikwa kusoma aliyoyapata. Safari hii Melania alikwenda, amejifunga kitenge kipya, kwa sababu mgeni wake ndiye angezungumza. Akaketi kivulini, upepo wa ziwa ukimbembeleza.

"Mama mmoja anayeanika dagaa aliniambia hivi," Yasmini akasoma. "Tulielezwa vizuri, hatuna neno."

Melania aliyasikia maneno yake kama yametoka kinywani mwa mtu mwingine, mtu mwenye raha zake.

Mwenyekiti akasema, "Hatujapitisha kitu. Mwenye pingamizi asimame sasa."

Clementina akamnong'oneza, "Simama useme! Mimi nitasema nini, na yaliyosomwa ni yako?"

Melania akapiga hesabu. Akisimama, watu wote watajua binti wa watu amesoma uongo. Mbele kule Yasmini akamwona, akatabasamu.

"Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Mkono wa Melania ukapanda.

Leo pale pana majani mabichi na viti vya mbao. Waanikaji walipewa eneo jingine, mbali na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ambako dagaa hufika wamekwisha kulegea. Melania hakuweza kuendelea na biashara. Rozalia aliacha shule kwa kukosa ada, akaenda kuishi na shangazi yake huko kijijini Ilagala.

Yasmini aliporudi kuona mambo yalivyokwenda, alimkuta mama yule ameketi kwenye kiti kimojawapo, macho ziwani. Akasimuliwa yote, akalia.

"Mama, kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Ulikuwa mgeni wangu, mwanangu. Niliogopa kukuudhi."

"Lakini mimi nilikuja kuudhiwa, mama. Hiyo ndiyo kazi iliyonileta."



FUNZO

Ndugu zangu, mkirimuni mgeni kwa ugali na samaki, lakini akiwauliza hali yenu mpeni hali yenu. Kwenye mikutano ya mtaa ndipo ardhi yenu inapozungumzwa, basi ondokeni mkekani mwende. Nanyi wasomi, mkipewa jibu tamu kila nyumba, ulizeni tena, maana mnaweza kuwa mmepokea adabu tu mkaiita ridhaa. Aibu ya kumsahihisha mgeni ni ya siku moja. Rozalia hajarudi darasani mpaka leo.