Chetezo Juu ya Kabati

Kila aliyewahi kulala Guangzhou, China, mwezi wa Aprili anaijua dawa ya mbu ya huko, ile ya mduara inayowashwa ncha, na anaujua moshi wake unaokwaruza koo. Kwa hiyo jioni ile Abdulhadi aliporudi kutoka viwanda vya Xintang, begi la sampuli za jinzi begani, akafungua mlango wa nyumba yake ya kupanga nyuma ya jumba la Tianxiu, alisimama kizingitini bila kuvua viatu. Nyumba nzima ilinukia udi. Udi hasa, ule wa shughuli.

"Najat, umefukiza?"

"Nifukize na nini? Udi umeniletea lini weye?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Nimewasha dawa ya mbu tu. Ila hata mie naisikia. Tangu niiwashe inanukia harusi."

Akatoka, mkono kiunoni, tumbo la mimba ya kwanza limetangulia, akaelekeza chini ya meza. Dawa ya mbu ilikuwa ikiungua ndani ya chetezo cha udongo, mdomo umemeguka kidogo, shingo imefungwa uzi mwekundu.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Juu ya kabati, kwenye ule mkoba wako wa Kanada. Nikasema kitu kizuri kinakaa bure, na sie tunaunguza sakafu ya watu. Nimekiosha vizuri, usinune."

Hapo ndipo Abdulhadi alipopaswa kusema. Maneno yalimfika kwenye ulimi kabisa. Lakini kulisema moja kungemlazimu aseme na mengine, na mkewe alikuwa akicheka, na chakula kilikuwa tayari.

"Labda majirani," alisema. "Wale Waarabu wa juu."

Akaenda kuoga.

Mwanamume huyu hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu wa kuahirisha, na mtu wa kuahirisha hujiona mwema mpaka siku anapodaiwa vyote kwa pamoja.

Baridi ya mwaka ule alikuwa amekwenda kumtembelea mdogo wake wa pekee, Dalila, huko Hull. Hull imetazamana na Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Kati yao ni mto na madaraja tu. Dalila alivuka kila siku kwa basi kwenda kusafisha ofisi za serikali, akarudi kulala upande wa pili, kwenye watu wanaokuamkia kwa lugha mbili kwa pumzi moja, "Hello, bonjour," ukachague mwenyewe utakayoijibu. Abdulhadi alifurahi kama mtoto. Alipigwa picha juu ya mto ulioganda, ndani ya koti la kuazima. Alicheka kwamba huku kila kibao kimeandikwa mara mbili, na kwao Pemba kuna njia hazijaandikwa hata mara moja.

Alhamisi jioni alimwona dada yake akipanda kiti, akakivisha soksi kile kidude cha darini kinacholia kikisikia moshi, akafunga mapazia, akatoa chetezo kabatini. Kicheko kikamkauka.

"Bado unalo?"

"Liliniacha lini, kaka?"

Lilikuwa jini la ukoo. Lilikaa kwa mama wa bibi yao, likaja kwa bibi, na bibi alipofariki likamchagua Dalila, msichana mdogo wa shule. Lilipenda udi na ukimya. Waume halikuwapenda, na watoto wa matumboni halikuwapenda zaidi. Dalila alikuwa ameachika mara mbili na kuharibu mimba moja, na alikimbilia mwisho wa dunia akidhani baridi italishinda. Halikushindwa. Lilijifunza mpaka lugha za watu wa pale.

"Nimezungumza na wazee Pemba," Dalila alisema, akimshika kaka yake mikono yote miwili. "Wamekubali kulirudisha pangoni kwao. Lakini chetezo lazima kibebwe na mtu wa damu, mkononi, moja kwa moja. Kisiwashwe njiani, kaka. Kikiwashwa mahali, basi litajua hapo ndipo kwake. Niapie."

Abdulhadi aliapa kwa jina la mama yao.

Ila tiketi yake ilipita Guangzhou, na Xintang kulikuwa na mzigo wa jinzi unaomngoja. Wiki moja tu, alijiambia. Mzigo ukazaa mzigo, kontena likafuatwa na kontena, chetezo kikawa juu ya kabati. Dalila akipiga simu swali lilikuwa moja, limefika? Siku moja, amechoka, viatu vimelowa mvua, akajibu, "Limefika, alhamdulillahi." Dalila alilia kwa furaha mpaka simu ikakatika. Akaacha kufukiza. Akapata mchumba, Maulid, Mngazija dereva wa basi, na harusi ikapangwa kiangazi. Kila alipopiga alimshukuru kaka yake upya, na kila shukrani ilimchoma Abdulhadi, naye akaendelea kuipokea.

Sasa chetezo kilikuwa kimewashwa.

Alikizima, akakirudisha juu ya kabati. Harufu haikutoka. Majira yale kuta za Guangzhou hutoa jasho, nguo hazikauki, sakafu huteleza. Nyumba yao ilikuwa ikitiririka kama za wenzao, isipokuwa ukuta mmoja, wa chumbani, upande anaolalia Najat. Ule ulikuwa mkavu, na ukiugusa mkono unakufa ganzi.

Kisha zikaja nyayo.

"Unasikia?" Najat alinong'ona wakiwa mezani magharibi moja. "Hapo ukumbini. Kama mtu anatafuna chumvi ya mawe."

Abdulhadi alisikia. Hakuna aliyekuwa akitafuna kitu. Ule ulikuwa mlio wa kiatu kikikanyaga theluji, taratibu, hatua baada ya hatua, na Najat hakuwahi kuiona theluji maishani mwake.

"Panya," alisema.

"Panya wa kutembea kwa miguu miwili?"

"Kula, Najat."

Alikuwa amekwisha kudanganya dada, na sasa kumdanganya mke kulikuja kwa wepesi uliomtisha mwenyewe.

Siku iliyofuata alirudi mapema, alasiri, mvua inanyesha na barabara ya Xiaobei imejaa miavuli, akapanda ngazi akisikia kila mlango wa jengo una kelele zake, redio, sufuria, watoto wa Kichina wakisoma kwa sauti, mpaka alipofika kwenye mlango wake ambako hakukuwa na sauti yoyote, akaufungua na baridi ikamvaa usoni, baridi ile ile ya darajani Hull inayoingia puani ikakutoa machozi, na dirisha lilikuwa limefunikwa ukungu mweupe ulioganda kwa ndani, na mbele ya dirisha, amempa mgongo, ameketi Najat mikono juu ya magoti, pumzi yake ikitoka moshi, na kabla hajamwita, mwenyewe Najat aligeuza shingo polepole, akatabasamu kwa tabasamu ambalo halikuwa lake, na kwa sauti ya mtu anayempokea mgeni aliyechelewa akasema:

"Hello, bonjour."

Abdulhadi alimtikisa mabega. Najat akazinduka, akaanza kutetemeka.

"Hadi," alinong'ona, mikono yote tumboni. "Mtoto hachezi. Tangu asubuhi hachezi."

Hospitali walisikiliza mapigo ya mtoto. Yalikuwapo, ila ya mbali. Daktari aliligusa tumbo mara kadhaa, akauliza kwa nini lina baridi, kisha akawaambia warudi kesho.

Abdulhadi hakuingoja kesho. Alikwenda kumgongea Bimdogo.

Bimdogo alikuwa mama wa Tanga, mnunuzi wa nguo za watoto kwenye soko la Shisanhang, mnene, mcheshi, mwenye ulimi uliowatoa jasho wauzaji wa mtaa mzima. Wachache walijua kwamba kwao walikuwa watu wa kupunga majini tangu enzi. Alisikiliza nusu tu ya kisa, kwa sababu nusu ndiyo aliyoambiwa. Abdulhadi alisema chetezo ni cha ukoo. Dalila hakumtaja.

"Udi tutapata kwenye maduka ya dawa za asili za Wachina," Bimdogo alisema, akijifunga kilemba. "Nao wanautumia. Marashi n'nayo. Sasa nisikilize, baba. Jini litazungumza, na litataja linachotaka. Litaanza na bei ya juu, kama laoban, mwenye duka yeyote pale Shisanhang, akikuona mgeni. Usilijibu. Hata likikutaja jina lako, wewe kimya. Mimi ndiye nitakayelibembeleza mpaka lishuke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Walimkalisha Najat juu ya mkeka, shuka jeupe kichwani. Nje bado kulikuwa na mwanga wa jioni na honi za teksi. Bimdogo alifukiza, akaimba kwa sauti ya chini, akanyunyiza marashi. Shuka likaanza kupanda na kushuka, haraka, haraka zaidi, kisha likatulia tuli.

"Karibu," Bimdogo alisema. "Nani mwenzetu?"

"Mwenye nyumba ananijua." Sauti ilitoka kwenye kinywa cha Najat, kavu, ya kizee. "Niliahidiwa nyumbani. Nikawekwa juu ya kabati. Nikawashiwa dawa ya mbu."

"Umekosewa adabu, bibi. Tunakuomba radhi. Wataka nini?"

"Kiti. Mtu wa kumkalia."

"Huyu ni mja mzito, hakufai. Tutakupeleka kwenu Pemba."

Lilicheka. Kicheko kilikuwa kirefu na hakikuwa na furaha ndani yake. "Kwa ahadi ya nani? Ya huyu? Ahadi yake nimeishi nayo. Nataka kiti leo. Nibaki hapa, na huyu wa tumboni atoke anipishe. Au anirudishe nilikotoka. Kule kuna kiti changu, kinashona nguo ya harusi. Aseme yeye. Akitaja jina, nakwenda."

"Kimya, baba," Bimdogo alinong'ona bila kugeuka. "Ndiyo kwanza limefungua kinywa. Hiyo si bei, hayo ni maringo." Akasogea karibu na shuka. "Bibi mtukufu, tuna siku nyingi za kuzungumza. Nitakuandalia chano, sinia la vyakula uvipendavyo. Nitakuletea..."

Najat aliguna. Ilikuwa sauti yake mwenyewe sasa, ya maumivu, na alijikunja juu ya tumbo, na Abdulhadi aliona vidole vya mkewe vimekuwa vya buluu na pumzi ikitoka chini ya shuka kama moshi wa birika, na alimwona mtoto ambaye hajamwona, akamwona akilala bila kucheza ndani ya ile baridi, na akasikia nyayo zile zikikanyaga theluji nyuma yake, zikija, zikisimama usawa wa sikio lake kana kwamba mtu ameinama kungoja neno, na yeye, Abdulhadi wa Xintang, ambaye hajawahi kununua hata suruali moja kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, alifumbua kinywa.

"Dalila," alisema. "Rudi kwa Dalila."

Baridi ilikatika. Ukungu wa dirishani uliyeyuka ukaanza kutiririka. Najat alilivua shuka kichwani, akatazama huku na huku, kisha akashika tumbo na machozi yakamtoka.

"Anacheza," alisema. "Hadi, njoo umguse, anacheza!"

Abdulhadi alimgusa. Mtoto alipiga teke chini ya kiganja chake, teke la nguvu, la haki. Alilia kwa furaha, na ndani ya furaha ile ile alijichukia.

Bimdogo alikusanya vitu vyake polepole. Mlangoni alimwita Abdulhadi kwa kidole.

"Dalila nani?"

"Mdogo wangu."

Mama wa Tanga alimtazama. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Lingeshuka," alisema. "Kwa siku mbili tatu, kwa chano na udi, lingekubali kwenda pangoni kwao. Yamekubali makubwa kuliko hilo. Mimi nimekwambia unyamaze."

"Mwanangu alikuwa anakufa, mama."

"Lilikuwa linakutisha. Ndiyo biashara yake." Akavaa viatu. "Usinipe chochote. Sitaki kitu chako."

Chetezo kilibaki chini ya meza. Abdulhadi alikinusa. Kilinuka udongo tu, kama chombo chochote kilichotoka dukani.

Alishuka mpaka kibanda cha simu za nje, kule pembeni ya Tianxiu ambako wafanyabiashara hupanga foleni jioni. Hull ilikuwa alfajiri. Alijiambia kwamba atasema yote, kwamba hakikufika, kwamba alidanganya, kwamba akimbie, aende msikitini, aende kwa Maulid, popote. Aliyapanga maneno. Simu ikaita.

"Hello, bonjour!" Dalila alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka vizuri.

"Mimi, mdogo wangu."

"Kaka! Wallahi nilikuwa nakuwaza. Jana nimejaribu nguo, na Maulid hataki hata kunisikia nikisema nimenenepa. Yote haya ni wewe, kaka. Kama si wewe kulibeba ningekuwa wapi leo? Mungu akulipe." Alisita. "Ngoja kidogo. Hiki kidude cha moshi kinalia, na sijapika kitu."

Abdulhadi alikisikia. Kililia ng'ambo ya dunia, kwa mlio mwembamba, bila kupumzika. Alikandamiza simu sikioni, na nyuma ya mlio ule, taratibu, alisikia mtu akikanyaga theluji ndani ya nyumba.

"Ajabu," Dalila alisema, sauti imeshuka. "Kaka, hapa kunanukia udi. Na mie udi sina tena. Wewe unasikia ninavyokwambia? Kunanukia udi."

Maneno yake aliyoyapanga yalikuwapo, yote, mdomoni. Nyuma yake watu wa foleni walianza kunung'unika.

"Labda majirani," alisema Abdulhadi.