Jina la Mama Theopista

Haya sikuhadithiwa na mtu. Odeta ni wifi yangu, ameolewa na kaka yangu, na siku ile nilikuwa nimempelekea chakula ofisini.

Odeta anatunza seva mbili za chama cha wakulima wa mpunga hapa Mpanda. Chama kiliamua kuhifadhi chenyewe taarifa za wanachama wake, kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi, na kazi yake ni kuzifuatilia hizo mashine. Zikipata joto, zikizima, mtu akibadilisha kitu, simu yake inalia. Mwezi ule wanachama walikuwa wanachagua bima ya afya. Kifurushi kidogo kilimhusu mwanachama, mwenza na watoto. Kikubwa kiliwachukua na wazazi, hadi rufaa kwenye hospitali za mbali. Wengi walitaka kikubwa. Odeta akaingiza majina ya wazazi wote, na mbele ya kila jina akaandika: hai.

Jumatatu mchana simu ililia. Jina la Bibi Emelyne wa Kasekese lilikuwa limebadilika: marehemu. Odeta akadhani kuna mtu kakosea, akarekebisha. Jua lilipozama, habari ikaja. Bibi alikuwa anapepeta mahindi. Akainama, hakuinuka.

Jumatano ikawa Mzee Lyamba wa Mwamkulu. Mchana jina, jioni kilio.

Odeta alimtafuta aliyebadilisha. Mashine ilionyesha kwamba maneno yaliandikwa mlemle chumbani, kwa kibodi ya seva. Ufunguo wa chumba alikuwa nao yeye, shingoni.

Katibu wa chama, Luhende, akamvuta pembeni. "Dada, futa orodha ya wazazi," alinong'ona. "Tuchukue kifurushi kidogo. Asiyeandikwa haitwi."

"Na mama yangu mwenye moyo mbovu atatibiwa na nani?"

Luhende akaenda kuwaita wanachama waje Ijumaa kupiga kura.

Ijumaa, saa saba mchana, mimi na Odeta tulikuwa tunakula ugali kwenye chumba cha seva. Simu ikalia. Hakunawa hata mikono. Theopista, Usevya: marehemu.

Mama yake.

Alipiga simu, akaweka sauti kubwa. Mama alipokea, pumzi fupi fupi.

"Mwanangu, kuna mtu mlangoni. Simuoni uso. Anasoma jina langu."

Odeta akaandika: hai. Tukasikia mama akivuta pumzi.

Mbele ya macho yetu herufi zikafutika. Moja moja. Marehemu. Pumzi ikakata.

Hai.

Marehemu.

Vitufe vilibonyea vyenyewe, chini ya vidole vyake. Nilichomoa waya zote za umeme. Feni zikanyamaza. Skrini haikuzima. Nilitaka kukimbia.

"Wifi, kaa," alisema bila kugeuka. Halafu akaiambia ile mashine, kwa sauti ya chini: "Andika. Na mimi naandika. Tutaona nani anachoka."

Saa nane. Saa tisa. Kucha mbili zilikatika, kibodi ikashika damu. Hai. Hai. Hai. Saa kumi kasoro, vitufe vilitulia. Skrini ikazima.

"Simuoni tena," mama alisema kwenye simu. "Ngoja ninywe maji."

Wanachama walikuwa wamekusanyika nje, tayari kupigia kura kifurushi kidogo. Odeta alisimama mbele yao, mkono umefungwa khanga.

"Ametuulia wawili, sasa anataka hawa waliobaki tuwafute wenyewe, kwa mikono yetu. Mimi simfutii mtu. Jina la mama yangu linabaki. La mzazi wako je?"

Luhende ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akachagua kifurushi kikubwa.

Mama alipata rufaa, akatibiwa. Tulipomrudisha Usevya tulikuta nyayo mbili mlangoni, zimeelekea ndani. Hakuna za kufika. Hakuna za kuondoka. Nilizifagia mara tatu, zilibaki. Mama alicheka, akatandika turubai juu yake, akaanika mpunga.

"Asimame hapo hapo," alisema, "anifukuzie ndege."

Jioni tuliuzoa. Mpunga wote ulikuwa umekauka, isipokuwa sehemu mbili zenye umbo la nyayo. Pale punje zilikuwa zimelowa. Na zilikuwa za baridi.