Mguu wa Kulia wa Beldina

Siku Beldina aliporudi kilimani, maumivu yalimwisha kabla hata jasho halijamtoka, na hilo lilimtia wasiwasi.

Miezi miwili nyuma aliteguka kifundo cha mguu wa kulia akishuka mbio kilima cha Riat. Daktari wa viungo alimwonya arudi polepole: atembee dakika tano, akimbie moja. Basi akatoka nyumbani Otonglo asubuhi, akaingia njia ya mbuzi inayopanda kati ya mawe, akakimbia ile dakika moja. Mguu ukapata joto. Akaenda dakika arobaini bila kusimama, ziwa likimeremeta kule chini. Alipovua raba nyumbani, soksi ya kulia ilinuka damu ya siku nyingi. Aliigeuza ndani nje. Haikuwa na doa.

"Umepona?" aliuliza Mathews, mumewe, fundi seremala.

"Sijui. Hauumi hata kidogo."

"Ulipitia wapi?"

"Juu, kwa ile mikaratusi karibu na bonde."

Mathews aliacha kutafuna. "Usipitie huko tena, Mama Debra."

Alipita tena. Mguu ndio uliompeleka.

Jumamosi alikwenda na rafiki yake Nakhumicha, ambaye hukimbia naye tangu zamani. Walipofika kwenye mikaratusi, Beldina akasikia mtu akihema ndani ya sikio lake, na mguu wa kulia ukaruka mbele peke yake, ukamvuta.

"Punguza!" Nakhumicha aliita. "Utaumia tena!"

"Si mimi! Nishike!"

Nakhumicha akamrukia kiunoni, wakaanguka wote wawili, na ule mguu ukajikunja ukashuka na kisigino juu ya mkono wa Nakhumicha, mara moja, mara mbili, mpaka vidole vikalia kama vijiti vikavu, kisha ukasimama na kumburuta Beldina kwenye miiba na mawe, akilia, akishika matawi yaliyomchuna viganja, akipoteza ngozi ya magoti na ya kidevu, na mguu haukusimama hadi ulipofika mlangoni kwake, ambako Mathews alikuwa ameinama akipiga randa mbao.

Teke la kwanza lilimvunja mbavu. La pili lilimtoa meno mawili.

"Baba Debra, kimbia!" Beldina alipiga kelele, damu ya mumewe ikiwa imemrukia usoni. "Siuwezi!"

Majirani sita ndio waliomlaza Beldina chini, wakamfunga kamba, na mchana huohuo wakampeleka yeye na mumewe mtaa wa Obunga kwa Mama Adongo, mwombezi wa kanzu nyeupe anayejulikana kwa kutoa jachien, roho ya mtu aliyekufa vibaya.

Mama Adongo alinusa ule mguu, akarudi nyuma. Wanawake wanne wakaukalia. Ngoma ikaanza, ubani ukajaa chumba, na kila alipoumwagia maji ya maombi mguu uligonga sakafu hadi simenti ikapasuka na kucha zikang'oka moja baada ya nyingine, huku Beldina akiuma kitambaa ili asiume ulimi.

"Wewe ni nani?" Mama Adongo alinong'ona.

Sauti ya kijana ilitoka kinywani mwa Beldina. "Waliniuliza ng'ombe. Jina hawakuniuliza."

"Unataka nini kwa huyu?"

"Miguu. Yangu waliikata nyuma, kwenye kano, nisikimbie. Nikatambaa mpaka jua likazama. Yule pale ndiye aliyenishika."

Ngoma ilinyamaza. Wote wakamtazama Mathews, aliyekaa ukutani akishika mbavu.

"Ni uongo, si ndiyo?" Beldina aliuliza kwa sauti yake mwenyewe. "Baba Debra, sema ni uongo."

"Tulikuwa vijana," Mathews alisema polepole, damu ikimchuruzika kidevuni. "Ng'ombe alikuwa amepotea. Mtu alipiga nduru, tukamfukuza kijana mmoja mpita njia hadi bondeni. Ogola ndiye aliyekuwa na panga. Griffins alimkalia mgongoni. Mimi nilishika miguu." Akaanza kulia. "Kesho yake ng'ombe akarudi mwenyewe."

Mguu wa Beldina ukalegea. Ukawa mguu tu, umevimba, unauma vibaya sana. Alikuwa bado anashusha pumzi waliposikia mlio mmoja, kisha wa pili, kama kamba ya hema inavyokatika, na Mathews akaporomoka kwa ubavu akipiga mayowe. Ngozi ya visigino vyake haikuwa na mkwaruzo. Ndani, kano zote mbili zilikuwa zimekatika.

Hospitalini walizishona. Zikakatika usiku uleule. Wakashona tena.

Jumatano Ogola, muuza mbao, alianguka katikati ya soko la Otonglo mbele ya wateja, akilia waliomshika miguu wamwachilie. Hakuna aliyekuwa amemgusa.

Habari zilipofika wodini, Mathews alimsihi mkewe ampigie Griffins, ambaye siku hizi ni mhubiri mtaani Nyalenda, amwambie asitoke nje. Beldina alitafuta namba yake. Halafu akapiga.

Simu ilipokelewa haraka. Upande wa pili mtu alikuwa anahema, viatu vikipiga lami.

"Mama Debra, siwezi kuongea," Griffins alisema. "Kuna kijana nyuma yangu. Mwambie Mathews... yule kijana sasa ana miguu."