Pingu ya Nati ya Nne

Skrubu tatu za bawaba ya mlango wa jikoni zilikutwa zimesimama sakafuni, vichwa chini, ncha juu, zimepangwa kwa mstari mmoja. Mlango wenyewe ulikuwa bado umeegemea fremu yake, kana kwamba aliyezitoa alijali usianguke na kuamsha watu.

Dorotea Chenge hakupiga kelele. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mkaguzi wa njia ya reli, kazi inayomfundisha mtu kutazama kabla ya kusema. Aliokota skrubu moja akaipeleka dirishani. Nyumba hiyo ya Nyakato, Mwanza, ilipakwa rangi ya kijani mwanzoni mwa mwaka, na fundi rangi, kwa uvivu wake, alipitisha brashi juu ya bawaba na skrubu zake pamoja. Rangi ilikuwa bado imejaa katika mfereji wa kichwa cha skrubu, laini, bila mkwaruzo. Hakuna bisibisi inayoweza kutoa skrubu kupitia rangi bila kuacha alama.

"Antoni," aliita kwa sauti ya chini. "Umegusa mlango huu?"

"Kwa mguu upi?" mumewe alijibu kutoka chumbani. "Hata chooni naenda kwa kuomba Mungu kwanza, leo ndiyo nianze useremala?"

Antoni alikuwa mwalimu wa hesabu. Miezi miwili kabla, bodaboda aliyopanda iligongwa na gari pale Mkuyuni, na mfupa wa muundi wake wa kulia ukavunjika. Hospitalini walimwekea bamba la chuma ndani ya mguu, likashikwa na skrubu nane zilizopenya mfupani. Watu wa nyumba hiyo walikuwa hao wawili tu.

Dorotea alizirudisha skrubu mahali pake. Mkononi mwake ilibaki harufu ya kutu iliyolowa, na chini ya kutu, harufu ya tope la ziwa pale maji yanapolirudia na kuliacha.

Siku nne kabla ya asubuhi hiyo, alikuwa amefanya jambo moja ambalo wakati ule alilihesabu kuwa wajibu.

Aman Hasham, fundi chuma ambaye karakana yake iko hapo hapo Nyakato, alikuwa amebuni kifaa cha kuzuia nati za reli zisilegee kwa mtikisiko wa treni. Ni bamba la chuma lenye matundu mawili ya pembe sita, linalovishwa juu ya nati mbili jirani. Moja ikitaka kugeuka, ya pili inaikatalia. Bamba hufungwa kwa lakiri ya shaba yenye namba, ambayo haitoki mpaka ikatwe. Wafanyakazi wa genge la reli walikiita pingu. Kiliruhusiwa kujaribiwa kwa siku thelathini katika kipande cha kilomita mbili, kusini mwa Mkuyuni, ambapo njia hupita kati ya miamba na ziwa. Mwisho wa siku hizo Dorotea alipaswa kutia saini tamko kwamba kila nati ya kila kiungo ilikazwa kwa spana, ikavishwa kifaa, na haikulegea. Ikirukwa hata moja, jaribio ni batili.

Dorotea na genge walipofika kiungo cha kumi na saba, kando ya mwamba uliopasuka katikati, Shimba, mnyapara wa genge, aliweka spana chini.

"Hapa nati ya nne hatuigusi kwa spana, mama mkaguzi."

"Kwa nini?"

"Inakazwa kwa vidole. Kila asubuhi. Ndivyo tulivyoikuta."

"Mliikuta katika kanuni ipi, Shimba?"

"Kwa wazee wa genge." Alikuwa akiutazama mwamba, si yeye. "Hizo tatu zinatosha kushika kiungo. Hii si yetu."

"Ni ya nani?"

Mmoja wa wafanyakazi alianza kucheka, akaacha. "Ni ya mwenyewe," akasema.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, saa sita na robo, jua liko utosini na hakuna mtu aliyekuwa na kivuli. Dorotea alichukua spana mwenyewe, akaikaza nati ya nne mpaka kiganja kikamuuma, akaivisha pingu, akagonga lakiri. "Andika," alimwambia Shimba. "Kumi na saba, ya nne, imefungwa." Shimba aliandika, akakusanya zana zake haraka.

Baada ya skrubu za mlango vilifuata vitu vingine, na vyote vilitokea mchana, Dorotea akiwa kazini. Boliti za kitanda. Mpini wa sufuria. Kofia ya bomba, iliyokutwa juu ya mto wa Antoni. Aliyesimulia ni Antoni peke yake, mtu mgonjwa anayemeza dawa kali za maumivu, na Dorotea, aliyempenda, aliupima ushahidi wake kama ambavyo angeupima wa mtu mwingine yeyote: akautilia shaka. Alimuuliza jirani. Akabadili kufuli. Akapaka masizi sakafuni ili mwenye nyayo aziache, na nyayo hazikuonekana, ila boliti nne za meza zilikuwa zimesimama juu ya masizi hayo hayo, ncha juu.

Jumatano jioni Antoni alisukuma sahani kando. "Mama, nisikilize usinicheke."

"Nani anacheka?"

"Inageuka."

"Nini?"

Alinong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa na mguu wake mwenyewe. "Skrubu. Ile ya juu."

Kesho yake walipiga eksirei. Daktari aliiweka picha mpya kando ya ile ya kwanza. Katika ya kwanza vichwa vyote vinane vililala sawa na bamba. Katika mpya, cha juu kilikuwa kimesimama. Daktari hakushtuka. Alisema hutokea, mfupa ukiwa haujaunga skrubu hurudi nyuma. Ikitoka ya pili watampasua tena, na kwa hali ya mfupa ule, hakuweza kuahidi kwamba mguu ungebaki. Maelezo hayo yalimtosha Dorotea mpaka Ijumaa.

Ijumaa aliomba ruhusa, akabaki nyumbani. Saa sita kasoro alikaa ukingoni mwa kitanda akaweka kiganja chake juu ya muundi wa mumewe. Mtaa ulikuwa na kelele zake za kawaida, mashine ya kusaga, redio ya jirani, na jua likazidi kupanda, na harufu ya kutu ikaingia kwanza kama kitu cha kukumbuka kisha kama kitu kilichomo chumbani, na kelele za mtaa zikapungua moja baada ya nyingine bila mtu kuzizima, mpaka akasikia ndani ya nyama ya mumewe, si sikioni bali kupitia mifupa ya mkono wake, mlio mdogo mkavu wa chuma kinachoachia, kri, na chini ya ngozi, chini ya kiganja chake kilichobonyeza kwa nguvu zote ili kuzuia, kichwa cha skrubu ya pili kikageuka polepole, kwa uangalifu, kama kinavyogeuzwa na fundi asiye na haraka, robo, kisha nusu, na Antoni akauma shuka asipige yowe, na Dorotea akajikuta akisema, kwa adabu ile ile anayomsemesha mtu aliyemkuta kwenye njia ya reli bila kibali, "Acha. Tafadhali, acha."

Kikaacha. Mashine ya kusaga ikasikika tena.

Saa nane Shimba alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. "Nilijua," alisema. "Sikujua itakwenda nyumbani kwa mtu. Nenda Sengerema kwa mzee Ndalahwa. Ndiye aliyenikabidhi genge."

Alivuka ziwa jioni ile ile. Ndalahwa, mnyapara aliyestaafu miaka mingi, alikuwa uani akikata viazi vitamu vya kukausha, vya michembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama mikono kabla ya uso. "Wewe ndiye uliyeifunga."

"Ni mimi. Nataka kujua nimemfunga nani."

"Sijui. Wenzangu wengine walisema ni jini la ziwa, wengine wakasema ni mtu aliyefia pale reli ilipotandikwa. Sura sikuiona, siwezi kuapa." Dorotea alimwamini kwa neno hilo. "Ninachojua ni mikono. Ile kitu ina mikono isiyotulia. Tulipoanza pale ilifungua kila kitu: nati, magurudumu ya toroli, mpaka vifungo vya mashati tukiwa tumevaa. Mnyapara wangu alikuwa Mkerewe, mtu mwenye kujua. Akaipa kazi. Nati moja: sisi tukaze kwa vidole, yenyewe ilegeze, kazi isiishe. Jini mwenye kazi hana nafasi ya kutembea. Sasa wewe na hiyo pingu yako mmemwachisha kazi. Ulitaka akae tu?"

"Kwa hiyo niilegeze."

"Ilegeze, mume apone."

"Juu ya kiungo hicho wanapita abiria, mzee. Na nitatia saini kwamba kila nati imefungwa. Nikiilegeza kisha nikatia saini, nimesema uongo juu ya roho za watu. Nisipoilegeza, Antoni anakatwa mguu."

"Basi chagua. Mimi nimekwambia njia ninayoijua."

"Huyo Mkerewe," Dorotea alisema, "alipopatana na hiyo kitu, alisema nati, au alisema nati ya reli?"

Kisu kilisimama katikati ya kiazi. Mzee alifikiri, kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yakimtikisika. "Ninyi wasomi! Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikitetemeka, ningeuliza hayo?" Akafuta macho. "Alisema nati. Nati na mahali pale. Lakini sikiliza, mwanangu. Kazi mpya ina bosi mpya. Utakayeiweka ndiye utakayeikaza. Si Shimba, si mtu wa kumtuma. Kwa vidole, kila siku, kabla jua halijafika utosini."

"Mpaka lini?"

Ndalahwa aliendelea kukata viazi vyake.

Asubuhi na mapema alikuwa karakanani kwa Hasham. "Dada Dorotea," Aman alisema, "mwaka mzima nimekesha nikizuia nati zisilegee, leo unaniagiza nati ya kulegea? Utaniua kwa presha."

"Nitengenezee tu. Boliti ndefu kama mkono na nati yake, na hesi, ile mifereji ya kuzungushia nati, iwe laini."

Aman alimtazama usoni, akaacha mzaha, akawasha mashine.

Saa tano Dorotea na Shimba walikuwa wametoboa mwamba uliopasuka, hatua saba kutoka kwenye reli, wakasimika boliti kwa saruji inayokauka haraka. Dorotea aliizungushia nati kwa vidole hadi ikagoma, akachora mstari mweupe kupita juu ya nati na boliti kwa pamoja, kama wafanyavyo wakaguzi, ili kugeuka kokote kuonekane. Kisha akasema kwa sauti, akiona aibu kidogo mbele ya Shimba, "Kazi yako ni hii. Ile ya reli imekwisha."

Walisubiri. Ziwa lilikuwa limetulia. Saa sita na dakika ishirini mstari mweupe ulikatika. Nusu iliyochorwa kwenye nati ilisogea kando ya nusu iliyo kwenye boliti, kri, upana wa ukucha, kisha upana wa kidole.

Simu ililia. "Mama," Antoni alisema, na alikuwa akilia, "imeniachia."

Siku ya thelathini Dorotea alikagua viungo vyote. Lakiri zilikuwa nzima, ya kumi na saba pamoja na nyingine. Alitia saini tamko, na kila neno lake lilikuwa kweli. Antoni alipasuliwa, zile skrubu mbili zikakazwa, mfupa ukaanza kuunga. Na kila siku, Jumapili na sikukuu, Dorotea alifika mwambani kabla ya jua la utosi, akaikuta nati imetolewa kabisa, imewekwa juu ya jiwe, ina joto. Akairudisha kwa vidole.

Mwezi wa pili barua ilifika. Pingu imekubaliwa, itafungwa hadi Tabora, mkaguzi D. Chenge amepandishwa cheo kusimamia kazi hiyo, kituo chake Tabora, kuanzia mwezi ujao. Antoni aliisoma amesimama kwa miguu miwili, akapiga makofi. "Twende zetu! Tuachane na nyumba hii."

Jumamosi Dorotea alikaa mezani kuandika jibu. Alijipangia hoja kwa utulivu. Mfupa ulikuwa laini, daktari alisema. Mstari ungeweza kukatika kwa joto la jua juu ya chuma kipya. Mumewe alipona kwa sababu watu hupona. Dai lisilojaribiwa si ushahidi, na jaribio lilikuwa rahisi: asiende, leo tu. Aliandika, *Nakubali kwa moyo mkunjufu*. Saa ya ukutani ilisoma sita kasoro tano, kisha sita, kisha sita na robo. Chumba cha pili Antoni alikuwa akiimba huku akipanga vitabu kwenye maboksi.

Harufu ya tope ilimfikia kabla ya mlio.

Kri.

Wimbo ulikatika. "Dorotea?" Antoni aliita, taratibu sana. "Umekwenda leo?"

Alikimbia bila viatu hadi barabarani, akapanda bodaboda, akashukia kwenye tuta la reli. Nati ilikuwa juu ya jiwe, ikingoja. Aliivisha kwenye boliti, akaikaza mpaka vidole vikachubuka, akapiga simu, akasikiliza pumzi za mumewe zikirudi polepole mahali pake.

"Imeacha," Antoni alisema. Kisha akaongeza, "Navitoa vitabu kwenye boksi."

Jibu alilotuma Jumatatu lilikuwa la mstari mmoja: anashukuru, ila kwa sababu za kifamilia hawezi kuhama Mwanza. Ofisi haikuuliza zaidi.

Lakini Jumamosi ile, akiwa bado mwambani, alifuta damu ya vidole kwenye gauni, akageuka kurudi njiani. Hakuwa amepiga hatua tatu alipoisikia nati nyuma yake, haraka kidogo kuliko siku zote, ikianza kulegea.