Picha Zisizo na Pacha

*Mzike mgonjwa kabla ya saa nne.*

Maneno sita tu, kwenye kioo cha Nokia ndogo isiyo na kamera.

Sindano aliyasoma mara moja, akayafuta. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyuma za jumba la sinema, bastola ya Glock kwapani, juu yake koti la wahudumu wa tamasha. Casio mkononi ilisema saa tatu na dakika nane asubuhi.

Mgonjwa ni diski. Kumzika ni kuiteketeza.



Diski ilikuwa ghorofani, kwenye chumba cha mitambo, ndani ya sanduku la rangi ya chungwa lenye lakiri ya tamasha. Humo mlikuwa na filamu ya katuni ya dakika sabini, ya watoto na wazazi wao, iitwayo *Punda na Mzigo Asioujua*. Mchoraji wake alikuwa mdogo wake Sindano, tumbo moja. Aliichora kwa mkono, kwa miaka saba. Nakala nyingine zote ziliungua pamoja naye wiki tatu zilizopita, karakana yake iliposhika moto.

Hitilafu ya umeme, waliambiwa.

Sauti ya Mlezi, mkuu wake wa kazi, ikakwaruza sikioni.

"Sindano, umepokea?"

"Nimepokea."

"Mbona husogei?"

"Hakuna nakala nyingine, Mlezi."

"Ndani yake kuna ramani za bwawa la umeme. Milango, swichi, namba za siri. Mwenye nazo anaizima nchi nzima kwa kidole kimoja. Saa sita sanduku linavuka mpaka, na hakuna afisa wa forodha atakayethubutu kuvunja lakiri ya tamasha. Hatujui ramani zimefichwa wapi humo ndani. Hatujui nani kazitia. Tunajua tu zisitoke."

"Ni kazi ya marehemu."

"Ni katuni, Sindano."



Punda afe, mzigo ufike. Ndivyo Ofisi yao ya usalama ilivyokuwa siku zote, na kwa miaka kumi na tisa yeye mwenyewe alikuwa akiipigia makofi.

Akapanda ngazi mbili mbili.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa na joto la mashine na harufu ya vumbi lililoungua. Fundi wake alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jumba zima lilimwita Mama Taa.

"Wewe! Nimefagia sasa hivi. Ukiniletea tope humu, hata uwe mgeni rasmi utashuka kwa kichwa."

Sindano alimwonyesha kitambulisho. Mama Taa alikisoma mbele, akakigeuza akasoma na nyuma.

"Haya, serikali. Unataka nini kwangu?"

"Diski ya punda. Na ufunguo wake. Nimeambiwa unao wewe peke yako."

Uso wa mama ukalegea. "Ya yule kijana mwenye kidole cheusi?"

Kidole kidogo cha mkono wa kulia, cheusi kwa risasi ya penseli tangu darasa la tatu. Siku ya kumwosha marehemu walisema wazee kwamba hapakuwa na mkono wa kutazama.

"Huyo huyo. Ni mdogo wangu."

"Ee Mungu. Pole, mwanangu." Mama Taa alivuta stuli. "Alikuja mara mbili kuipima. Mara ya kwanza alitoka anacheka. Mara ya pili kanuna kama kanyimwa chakula. Ananiambia, mama, wameiharibu. Mimi natazama, naona sawa. Nikamwambia macho yamekuchoka, nenda kalale."

"Alisema imeharibika vipi?"

"Eti pacha zake zimevunjika. Nikadhani homa."

Sindano alishika ukingo wa meza.

Na yeye aliambiwa hivyo hivyo, kwa simu, siku tatu kabla ya moto. *Dada, kuna mtu katia mkono kwenye filamu yangu. Pacha zimevunjika.* Alidhani ni manung'uniko ya wasanii. Alikuwa barabarani, nyuma ya gari la mtu aliyekuwa akimfuatilia.

*Nina kazi,* alimwambia. *Kesho.*

Kesho haikufika.

Hasira ilimpanda, na ya kwanza ilikuwa dhidi yake mwenyewe. Akaisukuma kando. Zamu yake ingefika.

"Mama, sikiliza. Sekunde moja ya filamu ni picha ishirini na nne. Mdogo wangu alichora kumi na mbili tu. Kila mchoro aliupiga picha mara mbili. Tulipokuwa wadogo nilikuwa namshikia taa, yeye anachora. Nikimuuliza kwa nini mbili mbili, anasema, 'Mmoja mmoja wanaogopa, dada. Wawili wawili wanatembea.'"

"Basi hakuna picha isiyo na pacha."

"Hakuna. Hata kamera hakuwahi kuisogeza. Alisema kutembea ni kazi ya penseli."

Mama Taa alikuwa ameshavua ufunguo shingoni.

Lakiri ilikatwa. Diski ikachomekwa kwenye ThinkPad, kompyuta ya Ofisi aliyokuja nayo. Kuinakili yote kulihitaji muda wa saa sita nzima, na Casio ilimpa dakika arobaini na moja. Akaiandikia mashine amri moja fupi: nionyeshe kila picha isiyofanana na iliyotangulia, wala na inayofuata.

Wakasubiri. Chini, watoto walikuwa wameanza kuingia ukumbini. Kelele zao zilipanda kama ndege waliotishwa.

Picha laki moja na mia nane zikapita.

Mashine ikalia.

Sabini na mbili: pacha thelathini na sita zilizovunjika, kila moja imebaki na picha ngeni ubavuni.

Sindano alifungua picha ngeni ya kwanza. Kilima cha rangi ya udongo, miiba, anga la njano. Mtu angeapa ni kilima kile kile anachopanda punda. Lakini kilima kilikuwa ukuta wa bwawa. Miiba ilikuwa tarakimu. Ilikaa mbele ya jicho sehemu moja ya ishirini na nne ya sekunde, kisha punda akaendelea na safari.

"Nimeipitisha hiyo mbele ya macho yangu haya!" Mama Taa alijipiga paja.

"Yeyote angeipitisha."

Isipokuwa mchoraji.

Sindano alizitoa picha ngeni moja moja, akazihifadhi kwenye kijiti cha kumbukumbu kilichofichwa ndani ya bangili yake. Kila pengo akalirudishia pacha aliyebaki.

"Kati ya kuja mara ya kwanza na mara ya pili, diski ilishikwa na nani?"

"Mratibu wa tamasha. Alisema anaipeleka ikasafishwe sauti." Mama Taa alisonya. "Usafi gani? Kile kikohozi cha dakika ya kumi kimerudi vile vile."

Mratibu.

Mratibu aliyebeba jeneza mbele, bega la kulia. Aliyechuchumaa mbele ya binti wa marehemu, mtoto wa miaka minane, akamwambia, "Usilie. Mimi ndiye baba yako sasa."

Sindano alifunga kompyuta taratibu. Alijua akiifunga kwa hasira ataivunja.

*

Saa nne kamili Mratibu alipanda jukwaani na kitambaa cheupe mkononi.

"Kijana huyu," alisema, akajifuta jicho lililokuwa kavu, "nilimwokota akiwa hana hata meza ya kuchorea..."

Watoto mia tatu walikuwa wakipigania viti. Safu ya tatu, wifi yake Sindano alikaa wima kama mtu anayesubiri hukumu, mkono wa bintiye ndani ya mkono wake.

"Sindano." Mlezi sikioni. "Umezika?"

"Mgonjwa amepona."

"Rudia."

"Ramani zote ninazo mimi. Filamu ni safi. Mtu tunayemtaka ni Mratibu. Nahitaji vijana kwenye kila mlango."

"Ulipewa amri!"

"Na wewe ulipewa taarifa ya moto. Nani alisema ni hitilafu ya umeme?"

Mlezi akashusha sauti: "Hayo tutaongea ofisini."

"Tangu lini mnajua?"

"Siku ya tatu. Tungekwambia, ungeharibu kazi."

"Siku ya nne ulikuja msibani ukanishika mkono."

Alichomoa kisikilizio sikioni, akakitia mfukoni.

Taa zikazimika. Pazia likafunguka. Mratibu hakushuka kwenda kiti chake. Alipenya kushoto, nyuma ya kitambaa cha sinema.

Sindano akamfuata.

*

Wachache wameona nyuma ya kitambaa cha sinema. Ni ukumbi mwembamba, mweusi, wenye spika ndefu kama makabati na nyaya zilizolala sakafuni. Kitambaa kina vitundu vidogo vidogo vya kupitishia sauti, na picha hupenya humo ikiwa imegeuka: kulia kushoto, kushoto kulia.

Punda mkubwa wa kijivu alikuwa akipanda kilima kinyumenyume.

Mbele yake wanaume wawili. Mratibu, na mwingine mrefu, wa nchi nyingine, mmoja wa majaji wa tamasha. Fimbo ya kichwa cha fedha mkononi. Sanduku la chungwa lingesafiri naye. Mratibu alimpa kijitabu cha ratiba. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu, zilipangwa namba thelathini na sita.

"Ndizo zote?" aliuliza Jaji.

"Zote. Bila hizi utatafuta mpaka mvi ziote mvi."

"Nipe mimi," alisema Sindano.

Glock ilikuwa imenyooka.

Mratibu alishtuka, kisha akatabasamu. Akarudi nyuma hatua moja, mgongo wake ukakaribia kitambaa.

"Piga, dada. Nyuma yangu wamekaa watoto mia tatu. Kitambaa hiki hakizuii hata nzi."

Alikuwa sahihi, mwanaharamu.

Sindano akairudisha bastola kwapani.

"Hivyo ndivyo," Mratibu alinong'ona. "Ndugu yako angekuwa na akili kama yako angekuwa hai. Nilimpa jina, nilimpa tamasha. Kaona kasoro ndogo, badala ya kunyamaza akaja kunifokea ofisini kwangu. Asante ya punda mateke."

"Ndiyo," alisema Sindano.

Teke lilimpata kwenye goti.

Wakati huo huo, juu yao, punda alilirusha furushi lake bondeni, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vicheko. Sauti ya mfupa ilimezwa humo.

Jaji alizungusha kichwa cha fimbo. Upanga mwembamba ukachomoka. Sindano aliinama, chuma kikapita juu ya nywele zake na kuzama kwenye mbao za spika. Kabla hajauchomoa, kiwiko cha Sindano kilikuwa kooni mwake. Kimoja. Akaongeza cha pili, kwa niaba ya wifi yake. Jaji akakaa juu ya nyaya, macho yamegeuka.

Mratibu alikuwa anapepesuka kwa mguu mmoja, anaangukia kitambaa.

Angekitoboa. Angetumbukia mbele ya watoto, mbele ya binti aliyemwita mwanawe, na filamu ingekatika hapo.

Sindano alimdaka.

Alimshika kwa ukosi, akambeba uzito wake wote. Muuaji wa mdogo wake alikuwa mikononi mwake, anapumua usoni mwake. Ulikuwa mzigo mzito kuliko jeneza.

Uso wa punda ulijaa kitambaa kizima, mwanga wake ukamwangukia Mratibu. Na punda akakohoa.

Kikohozi kifupi, kikavu. Cha mtu anayechora usiku na dirisha wazi.

Kisha ikaja sauti ile, ya mdogo wake mwenyewe, maana hakuwa na fedha za kumlipa mwigizaji: "Mzigo nisioujua, sibebi. Hata mkinipa shamba zima la nyasi."

Sindano alikaza mshiko kwenye ukosi.

"Nilitaka kumtisha tu," Mratibu alilia, safari hii machozi ya kweli. "Sikujua amelala mle ndani."

"Alilala mle akisahihisha ulichoharibu."

"Nihurumie, dada yangu..."

"Nyamaza." Alimfunga pingu za plastiki mpaka zikalia. "Watoto wanatazama."

*

Mlango wa nyuma ulifunguka kwenye jua kali. Vijana wa Ofisi waliwatoa wawili wale kimyakimya, kama wanaohamisha samani. Land Cruiser nyeusi ilikuwa inanguruma. Mlezi alishusha kioo.

Sindano alivua bangili. Akaiweka juu ya kijitabu cha ratiba, akampa vyote viwili.

"Ushahidi."

Mlezi aliupima mkononi. Alikuwa mzee ghafla. "Kazi nzuri. Lakini amri ni amri. Ingia, nataka ripoti."

"Hapana."

"Unaniambia hapana mimi?"

"Nina kazi," alisema Sindano.

"Kazi gani nisiyoijua?"

Akavua koti la wahudumu, akalikung'uta vumbi la nyuma ya kitambaa, akalitundika kwenye kioo cha pembeni cha gari.

"Kesho, Mlezi."

Akamgeuzia kisogo. Nyuma yake aliitwa mara mbili, mara ya pili kwa jina lake halisi. Hakugeuka. Alipita mlango, korido, pazia zito, akaingia gizani, akatembea mpaka safu ya tatu. Wifi alisogeza mkoba bila kuuliza.

Mtoto alimvuta sikio.

"Shangazi! Umechelewa. Baba kakohoa, watu wote wakacheka."

"Nimemsikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo karibu."

Punda alikuwa anashuka kilima sasa, mgongo mtupu, hatua baada ya hatua, wawili wawili. Sindano alinyoosha miguu na kutazama.